Maji ya Mchele

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wa miti amekuja leo. Mtu mfupi, magoti yanalia akikaa na yanalia akisimama. Binti yangu anasema kwao kazini wanamwita Fundi Visiki, maana mti ukipita mikononi mwake unabaki kisiki kwanza, ndipo upone. Nikacheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Mwenyewe akacheka kunishinda. "Jina baya ndilo linalokumbukwa, mama."

Amekuja kutazama mitapo miwili ya mbele ya kibaraza. Shina nene kama la mnazi uliokataa kurefuka, majani magumu kama chanuo, ukipita na nguo nyepesi yanakuonja. Baba yake mkwe wangu, mume wa binti, ndiye aliyeipanda, mkwe mwenyewe hajaota meno. Sasa marehemu hayupo, mitapo ipo. Mmoja dume, mmoja jike. Fundi ametuonyesha: dume hutoa kitu kirefu kama gunzi la mahindi kimesimama katikati, jike hutoa kichwa kinene cha kushika mbegu. Hapa nyumbani ni Bwana na Bibi. Mkwe akitoka asubuhi huwapigapiga shina kama anawaaga watu.

Wanahamishwa kwa ajili yangu. Niandike hivyo hivyo bila kuzunguka. Nalala na cherehani na masanduku, miguu yangu inagusa mlango, sasa wanataka kunijengea chumba. Na mahali pa kujenga ni pale tu. Nilisema niacheni nilipo, sijambo. Mkwe akasema, "Mama, mti una miguu ukipata fundi."  Mtu anakung'olea ukumbusho wa baba yake, utasema nini?

Binti alimwambia fundi mbele yangu: pale chuoni anapofanya kazi kuna mitapo kumi na mmoja uani, na jengo jipya linakuja. Kamati inatafuta wa kuihamisha. Yuko bwana mmoja mwenye kijiko, ile mashine ya kuchimba, anasema atamaliza siku mbili. "Mimi sitaki kijiko," binti akasema. "Hawa wawili wakishika, fundi, mimi mwenyewe nitasimama mbele ya kamati." Fundi akapangusa mikono kwenye suruali kama anataka kupewa kitu safi. Siku hizi anafyeka nyasi za watu tu. Kazi ya miti mikubwa imechukuliwa na mashine.

Jumatano, 5 Machi

Kelele tangu asubuhi! Fundi na wabebaji wanne. Kwanza alipaka alama ya rangi nyeupe kwenye kila shina, upande unaotazama jua linakotokea. Nikamuuliza ya nini. "Akiamka alikute jua alipoliacha, mama. Ukimgeuza anaungua mgongo." Nikapenda. Hata mtoto ukimlaza upande mpya wa kitanda hulia.

Kisha akakata majani. Yote! Uwii, Bibi kabaki kama kuku aliyenyonyolewa. Mkwe alikuwa chumba cha nyuma anakotengenezea meno ya bandia, akatoka na aproni yake nyeupe, akasimama mikono kiunoni. "Tunang'oa bila ganzi leo!" Anatania, lakini nilimwona akimeza mate.

Walichimba mfereji kuzunguka, mpana, hawakukaribia shina. Mizizi wakakata kwa msumeno, siyo panga. Panga linapasua, fundi anasema. Kila jeraha likapakwa unga wa kiberiti, wa njano, ndiyo dawa yao, nyumba nzima inanuka mayai. Niliwapelekea maji, nikasema nani ana kiu, macho yangu kumbe yako kwa Bibi amelazwa juu ya magunia. Mbebaji mmoja akasema, "Tupe sisi kwanza, mama. Huyo hana mdomo."

Bwana na Bibi watalala hapo kibarazani siku tano, majeraha yakauke. Nimewafunika na shuka la zamani. Binti kaliondoa. "Mama, wanatakiwa kupata hewa." Sawa.

Jumatatu, 10 Machi

Wamepandwa. Karibu na ukuta wa nyuma, sehemu yenye mwinuko. Shimo limejazwa mchanga wa mtoni na kokoto, udongo kidogo tu. Alama nyeupe zinatazama zilikokuwa zikitazama. Wameegemezwa miti mitatu mitatu, utadhani wagonjwa wa mguu.

Mimi nilikuwa nakusanya vikombe. Nikamsikia fundi akisema, "Sasa mwacheni afunge. Afunge sawasawa." Mengine sikuyapata. Binti alikuwa akiandika kwenye simu yake. Nilitaka kuuliza — afunge nini, kwa muda gani? Nikakumbuka mwezi uliopita, mbele ya wageni, binti aliniambia, "Mama, hilo tulishaeleza mara tatu." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Lakini tangu siku ile nikitaka kuuliza kitu nakihesabu kwanza kama nimeshakiuliza. Mtu aliyeishia darasa la nne anajua kunyamaza, ndilo somo alilomaliza.

Nikaelewa mwenyewe. Kidonda kifunge. Si vigumu.

Ijumaa, 14 Machi

Leo nilikuwa peke yangu mchana, mkwe naye kapeleka meno ya watu. Nikaenda kuwaona. Jua kali, mchanga unachoma unyayo kupitia kandambili. Bibi hana hata jani moja la kujifunika. Wiki na zaidi hajaonja kitu!

Nikainama nikapapasa pale walipokata majani. Pakavu. Nikafukua kidogo chini, kuna mzizi mmoja mnene uko juu juu. Nikaugusa. Mkavu kama kitako cha chungu. Kidonda kimefunga! Nilifurahi kama nimeambiwa mimi.

Na kidonda kikifunga, mgonjwa hupewa uji. Nani hajui? Nilikuwa nimeosha mchele, maji meupe yako kwenye sufuria, mama yangu hakuwahi kuyamwaga, mchicha wake ulikuwa unanywa hayo na majani yake kama masikio ya tembo. Nikampa Bibi sufuria nzima. Yakazama shwaa, hata povu halikubaki. Kiu gani ile!

Bwana nilimpitishia kikombe kimoja. Nimelisha wanaume miaka arobaini, leo mmoja na asubiri.

Sijamwambia mtu. Nataka siku atakapotoa jani la kwanza ndipo niseme, ni mimi huyo. Nami niwe nimefanya kitu katika nyumba hii kisichokuwa vyombo.

Jumanne, 18 Machi

Bibi anapewa kila siku wakitoka, au mkwe akijifungia na meno yake. Mchanga wake umekuwa mweusi, mzuri. Namwambia habari. Nimemwambia leo kuwa msingi wa chumba changu umeshachimbwa na unaonekana mdogo, msingi wote huonekana mdogo, alisema marehemu mume wangu.

Bwana simpi tena. Sufuria haitoshi wawili.

Jumamosi, 29 Machi

Ee Mungu.

Mwenzake binti wa kazini alikuja kula mchana. Msichana mchangamfu, anapenda maua. Akatazama nje, akauliza mbona mitapo yenu mchanga mkavu hivi, hamnyeshei? Alikuwa anamtazama Bwana. Bibi yuko nyuma ya tangi la maji, haonekani kutoka mezani.

Binti akasema, "Usiguse! Fundi katuambia anafunga. Kama mtu aliyefunga kula. Mizizi imekatwa, haiwezi kunywa. Ukimpa maji yanalala pale pale, anaoza kutokea ndani. Hata tone, mpaka achipue. Hata miezi mitatu."

Anafunga.

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikakitazama kama sijui ni cha nini. Mimi nimeshika funga ya kidonda, fundi kasema funga ya kinywa! Neno moja, la lugha niliyonyonya, nimelikosea. Ningeuliza tu: afunge nini, fundi? Maneno matatu. Siku kumi na tano. Sufuria kumi na tano.

Mkwe akasema, "Mama, huli?" Nikasema jino. Kwa mtu wa meno! Akaweka sahani chini, "Lipi? Fumbua nione." Mimi nimfumbulie mkwe wangu kinywa mbele ya mgeni! Nikasema limepoa. "Jino halipoi ndani ya dakika moja, mama." Wote wakacheka. Nami nikacheka. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma sasa hivi kuliko yote.

Jumapili, 30 Machi

Wamekwenda kuona mgonjwa. Nimefukua mchanga wa Bibi kwa mikono, nikatoa ndoo mbili za mchanga uliolowa, nikaweka mkavu. Nimempepea na mfuniko wa ndoo. Mwanamke mzima napepea mti!

Pengine haijachelewa. Bibi ni mkubwa. Mkubwa hafi kwa kunywa.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijaandika. Sikuwa na la kuandika ila moja, nalo sikutaka kuliona limeandikwa.

Leo kuna harufu. Si ya kiberiti. Tamu, chachu, kama uji uliosahauliwa. Nimembonyeza Bibi kwa kidole gumba karibu na ardhi, kidole kimeingia. Kama papai lililopita siku zake. Nikakitoa nikakifuta kwenye kanga, kisha nikaifua kanga, kisha nikafua na nyingine ambazo zilikuwa safi.

Nilimwambia binti yangu alipokuwa anamlea mwanawe na kumpa kila anacholilia, mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilijiona na hekima! Mchelea mwana — na mchele juu yake.

Jumatatu, 21 Aprili

Mkwe ameona. Alikwenda kuwapigapiga asubuhi, mara ya kwanza tangu wahamishwe, mkono ukatoka na ganda. Alirudi amelishika ganda lile kwenye kiganja, akaliweka juu ya meza ya chakula, akakaa.  Ingekuwa heri aseme.

Binti ndiye aliyesema. "Kumbe yule mzee ni wa mdomo tu! Alama nyeupe, sijui jua, sijui nini. Na mimi nimeshamtaja kwa mkuu wa chuo!" Akatembea huku na huku. Akasema kamati inakaa wiki ijayo, atasimama aseme nini, kwamba wa kwake amekufa? Watu watamcheka. Bora wa kijiko, akiua ataua kwa haraka.

Mimi niko kwenye sinki naosha sahani. Niliiosha ile sahani. Nikaiosha. Ilikuwa ndiyo nafasi yangu, mlango wazi kabisa. Ningegeuka tu. Nikasikia maji yanatiririka bure, nikafunga bomba, basi.

Mkwe akaja kuchukua glasi. Akaona bado nasugua sahani ile ile. Akasema, polepole, "Mti ni mti, mama. Usijilaumu kwa sababu ya chumba. Chumba ni muhimu zaidi." Anadhani najilaumu kwa chumba.

Jumanne, 22 Aprili

Fundi kaja. Ameitwa kwa simu, na binti hakumkaribisha kiti. Sijamlea hivyo. Lakini mimi nani wa kusema nimemlea vipi mtu leo?

Alipiga magoti kwa Bibi. Hakugusa shina kwanza. Alichota mchanga, kutoka chini, mkono mzima umeingia. Akaunusa. Akausugua kwa vidole. Kuna ukoko mweupe umeganda chini ambao mimi sikuufikia. Akanusa tena. Binti akasema, "Haya, fundi, tuambie." Simu ikamlilia, akaenda pembeni kuipokea.

Fundi hakuinua kichwa. Akasema chini chini, kama anaongea na mchanga: "Maji ya mchele, mchicha unayapenda sana, mama."

  Nilimtazama alivyo na mchanga kwenye nyusi. Nikataka kusema fundi, ni hivi, nilidhani kidonda. Kikatoka kitu kama kikohozi.

Akasema, "Ulinisikia vibaya?" Nikaitikia kwa kichwa. Machozi hayo. "Nilidhani umesema kidonda kifunge," nikasema. Akakaa juu ya visigino. Akatikisa kichwa mara mbili, na nusura acheke, nilimwona. "Miaka yote nasema afunge, afunge. Sijawahi kufikiri neno lina milango miwili."

Binti akarudi. Nikamwona fundi ananitazama, mara moja tu. Mimi nikatazama chini. Naandika hili ili nisijidanganye baadaye: alinipa muda. Alinisubiri. Nami nikatazama kandambili zangu.

Akasimama, magoti yakalia. Akasema, "Kosa langu. Huyu jike nilimpanda mapema. Alitaka siku kumi za kukauka, nikampa tano."

"Basi fundi," binti akasema, "utaelewa siwezi kusimama mbele ya kamati."

"Ni haki yako, mwanangu."

Hivyo tu! Kwa sauti ya mtu anayekubali kuongezwa sukari. Kisha akakata Bibi vipande, akatafuta palipo pazima. Hapakuwepo. Shinani kulikuwa na watoto wawili tu, machipukizi madogo kama vitunguu, akayachomoa, akapaka kiberiti, akayaweka kwenye makopo mawili ya rangi yaliyotobolewa, mchanga mkavu.

Nilimfuata mpaka getini. Nikasema fundi, kwa nini? Akasema, "Yaishe, mama. Mimi nyasi zipo." Akaondoka na msumeno wake umefungwa kwenye gunia.

Mkwe alipotoka chumba cha meno akayaona makopo. Akayachukua yote mawili, akaniletea jikoni, akayaweka dirishani mbele yangu. "Watunze wewe, mama. Wewe ndiye mwenye huruma hapa."

Jumatano, 23 Aprili

Siwezi kuyatazama yale makopo. Napika nimegeuka.

Ijumaa, 25 Aprili

Bwana amechipua!

Nimeona mimi wa kwanza. Katikati ya kichwa, vimetoka vitu saba vya kijani vimejikunja, vina manyoya kama kifaranga. Nikapiga kelele, mkwe akaja mbio na jino la mtu mkononi. Akasimama pale akitabasamu kama mtoto. Akampiga Bwana mgongoni, pa, pa.

Basi ni dhahiri kwa mwenye macho. Mkono ule ule, msumeno ule ule, mchanga ule ule. Dume alipata kikombe kimoja tu, yu hai. Siku tano zilimtosha. Nilidhani binti ataona mwenyewe na mimi nitaokoka bila kufungua mdomo. Natamani nisingeandika hilo, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Binti alirudi jioni, akatazama. "Bahati tu," akasema. "Mmoja kati ya wawili. Kati ya kumi na mmoja hiyo ni mingapi?" Akasema yule wa kijiko ameshaleta barua. Kamati ni Jumanne saa nne. Wakikubali, Jumatano mashine inaingia uani.

Mkwe akasema taratibu kwamba mashine itaivuta mitapo kama koleo la fundi wa magari linavyovuta jino, kichwa cha jino mkononi, mzizi umebaki chini. Binti akasema, "Basi mtafute fundi mwingine asiyepanda mapema."

Asiyepanda mapema. Nilikuwa nachambua dagaa. Kila dagaa ana jicho.

Jumapili, 27 Aprili

Leo nilijaribu. Naapa nilijaribu.

Tulikuwa wawili jikoni, binti anasuka nywele za mwanawe wa kike, mimi nakanda unga. Nikasema, "Mwanangu, ile mitapo." Akasema, "Mama, tafadhali, ile mitapo imenichosha." Nikasema nina neno. Akanitazama. Akaacha kitana kwenye nywele za mtoto, akaja akaniegemea begani, kichwa chake kizito kama zamani. Akasema, "Watu wote wananipa mawazo. Kazini, huyo fundi, mafundi wa chumba wanaodai saruji. Angalau wewe hunipi mawazo, mama."

Mtu akikuambia hivyo, unaanzia wapi?

Nikampapasa kwa mkono wenye unga. Akaondoka na alama yangu nyeupe mgongoni, hakujua. Nami sikumwambia hata hilo.

Najiuliza naogopa nini hasa. Hatanifukuza. Hatanipigia kelele, siku hizi hanipigii. Atanyamaza, kisha atasema, "Haya, mama, si kitu." Kwa ile sauti. Ile anayomwambia mtoto akimwaga maziwa. Na kuanzia siku hiyo atapita nyuma yangu akikagua jiko kama limezimwa. Naogopa kuwa mtu wa kukaguliwa. Basi kwa ajili hiyo nimemwacha baba wa watu aitwe mwongo wa kazi yake.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimemwona fundi. Nilikuwa naenda kununua chumvi. Anafyeka nyasi kando ya zahanati, kofia imeshuka, hakuniona. Anafyeka vizuri. Mstari umenyooka kama uzi wa cherehani.

Nimerudi bila chumvi.

Jumanne, 29 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la chuo. Daftari liko juu ya goti, mwandiko utakuwa mbaya.

Asubuhi wote walipotoka nilifagia. Nilipofika dirishani kopo moja likanigonga kiwiko, mchanga ukamwagika kidogo, nikaurudisha kwa kijiko, nikajisikia nasema kwa sauti, peke yangu: "Ni mimi niliyemnywesha." Kumbe linasemeka! Halikuniua. Nikalisema tena. Nikavua aproni, nikachukua kikapu na daftari hili, nikatoka. Jiko nililizima, nimehakikisha mara mbili.

Nimepanda gari mbili. Getini askari akaniuliza naenda kwa nani, nikamtaja binti yangu kwa cheo chake chote. Akasimama wima! Nikaona fahari, kisha nikakumbuka nilichokuja kufanya.

Dada wa mapokezi akanipa kitabu cha wageni. Jina nikaandika. Saa nikaandika. Halafu kuna nafasi ndefu: SABABU YA KUJA. Nyuma yangu watu wamejipanga mstari, mtu anapumua shingoni mwangu. Nikashika kalamu. Nikaandika: Maji.

Akasoma. "Aa, mama, watu wa maji wanapita mlango wa nyuma. Bomba ni lile la uani?" Nikasema hapana, dada, si bomba, nimekuja kwenye kamati. "Kamati imeshaanza. Umeitwa?" Sikuitwa. "Basi huwezi kuingia, mama. Subiri watoke."

Lakini wakitoka itakuwa imeshakwisha! Nikamwambia mwambie mtu mmoja tu atoke, yule, ni mwanangu. Akanitazama, akaona kitu sijui gani usoni mwangu, akaingia.

Kutoka hapa naiona mitapo ya uani. Kumi na mmoja kweli, nimehesabu. Mikubwa kuliko yetu. Chini ya mmoja wanafunzi wawili wanasoma, wameweka viatu kwenye majani yaliyokauka. Bwana wa kijiko naye nadhani ni huyu aliyekaa benchi la pili, buti za matope, anatikisa funguo. Amenisalimia vizuri. "Shikamoo, mama, na wewe unasubiri hao wakubwa?" Marahaba, nikasema. Ana watoto pia, huenda. Sikulifikiria hilo.

Nitasema hivi: Mwanangu, fundi hakukosea. Alisema afunge, nikadhani kidonda. Nilimpa maji ya mchele siku kumi na tano, na alipokuja alijua, akanisitiri, nami nikamwacha anisitiri. Nitasema na mbele ya hao wengine, wakitaka. Mkuu wa chuo pia. Wasomi wote, mezani na chupa za maji mbele yao, na mimi na darasa langu la nne. Nimeyaandika hapa ili yakinikauka niyasome. Lakini miwani! Miwani nimeiacha juu ya cherehani. Hata haya ninayaandika kwa kukisia.

Wanacheka ndani. Mtu anavuta kiti.

Mlango umefunguka. Ni yeye. Kashika faili kifuani, anatafuta nani kamwita — ameniona. Uso wake umeshtuka kwanza, nyumbani kuna nini. Kisha ameona kikapu changu hapa magotini. Anakuja, anatabasamu, anajigusa paji la uso. Anadhani nimemletea chakula alichosahau.